Kompyuta Ilipoizuia Treni ya Guka

Stoo ya babu yangu, ambaye sote tulimwita Guka, ilinukia viazi na mafuta ya cherehani. Viazi vilikuwa vya nyanya yangu, Cucu, na vilirundikwa upande wa mlango. Mafuta yalikuwa ya treni. Upande wa ndani wa stoo hiyo, hapo Naro Moru, ilisimama meza yenye urefu wa vitanda viwili, na juu yake reli nzima ya kuchezea, ingawa ole wako uiite ya kuchezea mbele yake. Guka alikuwa stesheni masta tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Injinia mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia masanduku mawili ya injini ndogo na mabehewa, naye akaanza kuijenga upya njia ya kwenda Nanyuki, stesheni moja baada ya nyingine. Mlima aliutengeneza kwa magunia na plasta, akaupaka chokaa kileleni, na chini yake akapitisha handaki. Reli ya kweli haipiti chini ya mlima wowote huko kwetu, lakini Guka alisema mlima usio na shimo ni kupoteza nafasi.

Nilikuwa na miaka kumi, na katika wajukuu wote ni mimi tu niliyeruhusiwa kuingia. Kazi yangu ilikuwa kusimama mwisho wa meza, upande wa Nanyuki. Kabla ya treni yoyote kuondoka, Guka aliuliza kwa sauti ya ofisini, "Njia iko wazi?" Mimi nilitakiwa kuinama, nichungulie handaki, ndipo nijibu kwamba iko wazi. Hakuna treni iliyoondoka bila neno hilo. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka wakati huo, kikombe kikigongana na sahani kila akinywa chai, lakini swichi ya kuzungusha alikuwa bado anaimudu. Asubuhi moja ya likizo ya Agosti nilicheza peke yangu na behewa lenye taa, nikalisukuma mpaka ndani ya handaki. Cucu akaniita nikamsaidie kuchambua maharagwe, nikalisahau kabisa. Alasiri Guka akauliza kama njia iko wazi. Nilikuwa nimechoka kuinama. Nikasema iko wazi.

Treni iliingia mlimani na tukasikia kishindo. Guka alipoivuta injini kwa kuingiza mkono mdomoni mwa handaki, ilikuwa imevunjika kipande cha mbele, ile injini aliyoipenda kuliko zote. Hakunitazama mimi. Alitazama mikono yake, akasema imekataa kazi, kwamba lazima ilizungusha swichi kupita kiasi, treni ikaacha njia kwenye kona ya handakini. Akafunika meza kwa shuka. Siku chache baadaye alimwambia Cucu kwamba baada ya Krismasi treni zitapelekwa shule moja ya Mweiga na stoo yote itakuwa ya viazi. Cucu, aliyekuwa ameitamani nafasi hiyo miaka mingi, hakufurahi hata kidogo. Ningependa kusema kwamba sikujua. Lile behewa nilikuwa nimelisahau kweli, lakini kwamba sikuchungulia nilikumbuka vizuri sana, nikanyamaza miezi minne.

Desemba alikuja shangazi yangu, Tata Wangari, kitinda mimba wa Guka, aliyekuwa akifundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Nyeri. Alileta kompyuta ya mitumba iliyofungwa kwa blanketi, na akatangaza kwamba kama mikono ya baba imechoka, treni zitaendeshwa na programu. Guka alisema hizo ni hadithi za Nyeri, akaenda kutazama ng'ombe. Kwa siku nne Tata alilala chali chini ya meza akiunganisha nyaya. Aliigawa reli vipande kumi na viwili, kila kipande na waya wake, na kidude cha kuhisi kama juu yake kuna kitu kinachotumia umeme. Kisha akaichora njia yote kwenye skrini, na kona zake na stesheni zake. Kipande kitupu kilikuwa kijani. Chenye kitu kiligeuka chekundu. Tulipoamuru injini moja iondoke, ziliondoka mbili, kwa kuwa vidude vya kupokea amri alivyovitia ndani yake vilikuwa na namba ile ile ya kiwandani, na Tata akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akazipa kila moja namba yake, tukaanza upya. Basi nikaiona injini ikitembea peke yake, ikapunguza mwendo kwenye kona, ikasimama mbele ya stesheni kwa adabu, na hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Sikuwahi kuona kitu kama hicho maishani mwangu.

Majaribio hayo yote yalikuwa ya upande wa huku wa mlima, maana kipande cha handaki kiliunganishwa mwisho. Jumamosi Tata alimsihi Guka mpaka akaja, akaketi juu ya kreti karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote kama mtu anayesubiri kuondoka. Tata akaiamuru treni iende safari nzima, kutoka Naro Moru mpaka Nanyuki. Haikutikisika. Kwenye skrini, katikati ya mlima, kipande kimoja kilikuwa chekundu. Tata alizima, akawasha. Kikabaki chekundu. Alikagua nyaya, akazima tena, akawasha tena, mpaka akakasirika, akasema hicho kidude ni kibovu na ataiambia programu ikiruke.

Hapo Guka akafungua mdomo. "Wangari, usiilazimishe," alisema. "Imesema kuna kitu njiani. Nani ameenda kuangalia?"

Nilipiga magoti, nikatambaa chini ya meza mpaka kwenye tundu lililokuwa chini ya mlima, nikaingiza kichwa. Sikuhitaji tochi. Katika giza la handaki madirisha madogo manane yalikuwa yanawaka, ya manjano, kama nyumba ambayo watu wamerudi. Behewa langu. Lilikuwa limelala hapo tangu Agosti bila mtu yeyote kujua, na kompyuta isiyo na macho ilikuwa imelijua mara tu ilipopewa waya. Niliogopa kwa namna ambayo siogopi siku hizi, kama nilivyoogopa kanisani. Nikatoka nalo kifuani, nikasimama mbele ya Guka.

"Haikuwa mikono yako, Guka. Ni mimi. Nilisema njia iko wazi na sikuwa nimeangalia."

Guka hakulitazama behewa. Aliinua mikono yake yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena, nayo ikitetemeka vile vile. Kisha akaiinamishia kompyuta kichwa kwa heshima. "Hii imefundishwa kazi," alisema. Kwangu alisema neno moja tu zaidi: "Wambui, rudi stesheni yako."

Tata akaliunganisha lile behewa kwenye treni, na Guka akaomba aonyeshwe mahali pa kufinya. Kidole chake kilipogusa kitufe kilitetemeka, kikakifinya mara tatu, na treni ikaondoka, ikasimama, ikaondoka tena. Uso wake ulisawajika. Tata aliinama kwenye kibodi, akaiambia kompyuta kwamba ikisikia kitufe kinafinywa harakaharaka ihesabu mara moja tu, na yaliyobaki isiyajali. Guka akajaribu tena. Treni ikaenda, ikaingia mlimani, nami nikiwa Nanyuki nikaisikia ikija gizani, mpaka ikatokea mbele yangu na madirisha yake yote yakiwaka. Nililia, na sikujificha.

Leo nafanya kazi ya kompyuta Nairobi. Simu niliyo nayo mfukoni ina nguvu kuliko ile mashine ya mitumba, treni za kweli, zilizokuwa zimekoma, zimerudi kupita Naro Moru, na maajabu mapya nayazoea kabla ya chai ya saa nne. Lile la stoo sijalizoea. Miaka ya mwisho ya Guka tulimlisha uji kwa kijiko, tukamnyoa ndevu, tukamfunga vifungo vya koti. Treni aliendesha mwenyewe.