Meza ya Watu Wanne

Kwa miaka kumi na moja alisimama mlangoni, aproni ya miraba myekundu kiunoni, akirudia maneno ya kitabu cha kampuni: "Karibuni nyumbani. Mko wangapi?" Matawi yote ya mkahawa ule wa piza yalikaribisha hivyo hivyo. Wenzake wakamwita Mama Karibuni, naye akaitika mpaka jina lake halisi likaota kutu.

Kila kitu humo kilikuwa cha zamani kwa makusudi: baiskeli iliyoning'inia darini, redio za mbao zisizo na kitu ndani, na picha za harusi za watu wasiojulikana, ambazo kampuni ilizinunua kwa jumla. Mtoto akiuliza yule bibi mwenye kofia ni nani, alijibu, "Wifi yangu. Kanuna kwa sababu hujamaliza tambi."

Alipostaafu, kampuni ilimpa zawadi: chakula cha Jumapili moja kwa familia ya watu wanne. Alimwambia mwanawe wiki mbili kabla.

Siku yenyewe alivaa gauni aliloshonewa kwa harusi ya mwanawe huyo. Alikuwa kwenye ngazi za mkahawa simu ilipoita.

"Mama, mtoto ana mechi. Tufanye wiki ijayo?"

"Zawadi ni ya leo, baba."

"Basi wewe kula, sisi utufungie."

"Haya. Nitawafungia."

Angerudi nyumbani, lakini hakuwa amepika.

Mlangoni, binti aliyeshika nafasi yake alinyoosha mgongo. "Karibuni nyumbani. Mko wangapi?"

Mama Karibuni aligeuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Ndipo akamkumbuka fundi saa aliyekuja kula kila Ijumaa, akageuka hivyo hivyo, akasema "mmoja tu" kama anayeomba radhi, mpaka siku moja akaacha kuja.

"Niko mimi," alisema.

Binti alimpeleka kwenye meza ya wanne, chini ya wifi mwenye kofia, akaanza kuondoa sahani tatu, moja moja.

"Mwanangu, akija mtu peke yake, mwambie karibu. Ya wangapi usimuulize."

"Lakini mama, kitabu kinasema..."

"Najua kinavyosema. Kitabu hakijawahi kula hapa."

Binti alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaondoka na sahani zake. Mama Karibuni akafungua menyu aliyoikariri zamani, akaanza kuisoma, mstari kwa mstari, tangu juu.