Mtoto Aliyekatazwa Kucheka

Mtaani kwetu fundi wa magodoro ni bibi mmoja tunayemwita Vituko, na jina hilo hakupewa bure. Ukimpelekea godoro kuukuu alijaze upya, utaondoka umeshika mbavu. Ndiyo maana tulishangaa alipotupiga marufuku kufanya utani mbele ya mjukuu wake. Hata kumtekenya ilikuwa kosa.

Mjukuu mwenyewe alikuwa msichana wa miaka minne, mchokozi, akilelewa hapo kwa sababu mama yake anafanya kazi mji mwingine. Akicheka sana alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Akikimbia, vilevile. Alishakunywa dawa za kifua za kila rangi. Chupa iliisha, kikohozi kikarudi. Vituko akakata shauri kwa akili yake: kama kucheka na kukimbia ndiko kunakomkohoza, basi asicheke wala asikimbie. Akamkalisha karakana, ambayo ndiyo chumba chao cha kulala, juu ya rundo la pamba, avalishe wanasesere nguo. Mimi, jirani wa mlango kwa mlango, nilikemewa kwa kumkonyeza tu. Na kweli, mchana kikohozi kikapungua. Kilibaki cha alfajiri, ambacho bibi alikisingizia baridi, na kichwa kikamvimba kama amegundua dawa.

Mama mtu hakudanganyika. Kwenye simu alimsikia mwanawe anavyohema, akataka apelekwe kliniki, na akasema hali isipobadilika atakuja kumchukua. Mtoto yule ndiye roho ya nyumba ile. Vituko aliniomba nimsindikize, nikaenda, maana nilijua peke yake angegombana na mtu kabla ya kufika mapokezi.

Daktari, dada mtaratibu asiye na haraka, alimsikiliza mtoto kifua, akasema kwa sasa kiko shwari. Vituko akanitupia jicho la ushindi. Daktari akauliza kama anakohoa akikimbia. Hakimbii, bibi akajibu. Akicheka je? Hacheki. Daktari akavua masikioni kile kifaa cha kusikilizia kifua.

"Bibi, mtoto wa miaka minne hakimbii, hacheki, halafu tuseme ni mzima?"

Vituko akaeleza yote, marufuku, pamba na kikohozi cha alfajiri.

Tukapelekwa ukumbini, nikaambiwa nimkimbize mtoto. Alikimbia na kucheka kwa pupa ya mtu aliyenyimwa, na punde kikohozi hicho. Daktari akamvalisha bibi kile kifaa asikie mwenyewe: kila pumzi ikitoka, mluzi mwembamba. Mtoto akapewa dawa ya kuvuta, ikipitia kichupa cha plastiki chenye barakoa, na baada ya muda mluzi ukapotea. Daktari akafafanua kwamba watoto wadogo hawawezi kupuliza vizuri kwenye mashine ya kupima mapafu. Pumu yao hutambuliwa kwa kikohozi kinachorudi rudi, mluzi, vitu vinavyokichokoza, na jinsi dawa inavyowafungua kifua. Huyu anaelekea kuwa nayo, akasema, ila atatumia dawa ya kila siku kwanza, ndipo tuhakikishe.

"Ukimfunga sitaona kitu. Mwache acheze, wewe uniletee habari. Na pamba itoke anapolala, huenda vumbi lake ndilo linalomkohoza alfajiri."

"Utamwambia mama yake amchukue?"

"Nitamwambia mtoto ana bibi anayemwangalia."

Vituko alihamishia pamba yote kwenye kibanda cha uani, akilalamika kuwa amefukuzwa na mjukuu. Dawa alimpa bila kuruka siku. Kwa kuwa ni mtu wa kuzidisha, kila jioni alinituma nimkimbize mtoto tena mpaka miguu ikaniuma, huku yeye akitega sikio mgongoni kwa yule mdogo kama daktari bingwa.

Mama mtu alikuja bila kutoa taarifa. Mtoto alimwona tangu kona ya barabara, akatoka mbio, akamrukia, akaanza kusimulia mambo kumi kwa pamoja huku akicheka. Mama alimshikilia, akangoja kikohozi. Tulimwona anavyongoja. Vituko alisimama mlangoni amejikausha, hana utani hata mmoja.

Kikohozi hakikuja.

"Nimekuja kuwasalimu tu, mama," akasema binti yake. Mkononi alikuwa na begi kubwa la nguo, halina kitu ndani. Vituko aliliona, akalia mbele yetu sote.