Paka wa Bibi na Dawa ya Mbu

Juzi wajukuu zangu walitazama filamu ya wanasayansi wakipulizia mji dawa ya kuua viumbe wa sayari nyingine. Nikaisikia tena harufu kali ya mchana ule Kisarawe, bwana afya alipopulizia kuta zetu dawa ya mbu. Nilikuwa mtoto, nikaamini dawa inawajua mbu kwa sura.

“Na paka wangu je?” bibi yangu alimuuliza.

“Bi mkubwa, hii ni sayansi ya Serikali. Haidhuru paka.”

Paka alijisugua ukutani, akajilamba, akaanza kutetemeka. Bibi akambeba, akamkuta bwana afya mlangoni kwa jirani.

“Haya, mweleze yeye hiyo sayansi yako!”

Leo najua malaria ilikuwa ikituua, na dawa ilihitajika. Lakini waliomtuma bwana afya hawakumtuma kujibu maswali.

Jirani alimtazama paka, akafunga mlango.