Maboga ya Mama Zaina

Harufu ya boga linalochemka hunitia hasira mpaka leo. Ninyi mnaolila mara moja moja, kwenye futari, mtasema boga ni tamu, nami sitabishana nanyi. Mimi nililila asubuhi, mchana na jioni, msimu mzima, kwa hiyo nina haki ya kununa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulikuwa tunaishi Mkata, karibu na barabara kuu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Majirani zetu wengi walikuwa Wazigua waliohamishiwa pale kutoka kwenye makazi yao ya zamani, na mmoja wao alikuwa Mama Zaina, ambaye binti yake nilisoma naye. Kijijini alilima shamba la pamoja kama wenzake, lakini hakuliacha lile aliloachiwa na mama yake huko mahameni, mwendo mrefu kwa miguu. Mumewe alikereka. Siku moja alimwambia mbele yetu, hapo hapo barazani kwetu:

"Unajichosha bure, Mama Zaina. Siku utakayorudi na boga hata moja lililokosa mnunuzi, shamba lile basi. Tusisikie tena habari zake."

Mama yangu akaanza kupepeta mchele kwa nguvu mpaka chenga zikatufikia usoni. Mimi sikuelewa kwa nini watu wazima wanunie shamba.

Masika yalipokwisha, maboga yakakomaa. Mama Zaina alipita nyumba kwa nyumba na kikapu kichwani, akamalizia kwetu, na yote yaliyobaki mama aliyachukua. Halafu kulikuwa na nyongeza. Ukinunua mawili anakuongezea la tatu, na kuikataa nyongeza ni kumtukana mtu. Maboga yakajaa jikoni, yakahamia barazani, yakaingia hadi uvunguni mwa kitanda changu, nikawa najigonga vidole kila ninapoamka. Tulikunywa uji wa boga. Tulikula boga kwa kunde, boga kwa karanga, boga kwa chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa ya kupangia foleni. Mbegu zilikaangwa, na majani yakawa mboga ya kulia bada, ule ugali wetu wa muhogo. Shuleni wakaniita Binti Maboga, na aliyelianzisha jina hilo, amini usiamini, alikuwa Zaina mwenyewe!

"Mama, mwambie yametosha," nilimsihi.

"Msimu ukiisha nayo yataisha," alinijibu, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila siku.

Baba alivumilia, kisha akachoka. Alimwagiza utingo wa basi linalotoka Mombo, akaletewa kabichi na viazi ulaya. Siku hiyo tulikula kama watu wa sikukuu. Baba akatangaza, mdomo umejaa, kwamba kuanzia leo boga halivuki tena kizingiti chake. Nusura nipige makofi.

"Hodi!"

Alikuwa Mama Zaina, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Kikapuni mlikuwa na maboga mawili makubwa. Alizitazama sahani zetu, akaelewa, akaanza kurudi nyuma.

"Starehe, Mwalimu. Nilipita kuwasalimu tu."

Mama akamgeukia baba. "Baba Halima, si jana tu ulikuwa unaulizia boga?"

Nilimkodolea macho baba, nikimwomba kimoyomoyo asikubali. Alimtazama mama, akayatazama maboga, akameza kiazi chake polepole.

"Ndiyo," akasema kinyonge. "Nilikuwa naulizia."

"Kumbe Mwalimu anapenda boga!" Mama Zaina alifurahi kwelikweli. "Basi kuanzia kesho nitakuchagulia mwenyewe."

Na akamchagulia kweli, makubwa yasiyoingia sufuriani. Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba kwa hasira.

Mama alipozeeka alihamia kwangu, Korogwe. Siku moja nikampikia boga kwa tui la nazi, nikidhani namkumbusha raha za zamani. Akaisukuma sahani.

"Boga mimi silili, Halima. Silipendi tangu mdogo."

"Mama! Na ule msimu mzima wa Mkata?"

"Mlikula ninyi," akasema, akacheka hadi machozi.

Ndipo nikamkumbuka akiwa jikoni kwenye kigoda chake, akila kiporo cha bada kwa chumvi, akituambia kwamba ameshashiba kwa kuonja. Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia kwa pamoja. Msimu ule kikapu cha Mama Zaina hakikurudi kwa mumewe na kitu, na shamba halikuachwa. Mama hakuwahi kunieleza, wala mimi sikuuliza. Nilikuwa na kazi ya kununa.

Mwaka huu nilipita Mkata. Zaina, sasa bibi mwenye wajukuu, alikuwa kando ya barabara na maboga ya shamba lile lile. Kwangu hakuna hata mmoja anayeyagusa. Nikashuka kwenye gari, tukataniana kuhusu Binti Maboga, nikanunua mawili. Akaniongezea la tatu.

"Wanayala kweli huko Korogwe?" akaniuliza.

"Wanayagombania," nikamjibu.