Shati la Lazhar Katika Mkoba wa Mbwa

Jumapili asubuhi, kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni, Manubia bint Salah ameketi kwenye mkeka wa jikoni kwake, juu kidogo ya mji wa Ain Draham, anapanga mkoba.

Anaanza na chupa ya maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Halafu pamba, shashi, mkasi wenye ncha butu, na kibano cha kung'olea kupe na miiba. Juu yake anakunja vipande virefu vya shuka kuukuu, vyeupe, vilivyokaushwa juani. Hivi ni vya kufunga tumbo la mbwa likichanwa na meno ya nguruwe mwitu.

Mwisho huwa ni shati. Leo analipeleka puani, kisha analiweka magotini.

"Sabuni," anasema. "Sabuni tupu."

Shati ni la Lazhar, mwanawe wa pekee. Mkoba pia ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatibu mbwa wa kijiji kwenye msako wa nguruwe mwitu, mpaka alipovuka bahari kwenda Sicilia, ambako sasa anachuma nyanya. Aliuacha mkoba kwenye msumari, na mbwa wake jike, Barka, mlangoni. Kwa siku nyingi mbwa huyo alilala kichwa kikiwa juu ya ndara zake.

"Mimi sikutaka kazi hii," Manubia anasema. "Lakini kila nikipita, mkoba ulinigusa bega. Siku moja nikauvaa."

Tangu hapo, kila Jumapili ya msimu, hukaa chini ya mteremko na punda wake. Wanaume na mbwa hupanda kwenye msitu wa mialoni, wakipiga makopo na kelele, kuwafurusha nguruwe wanaofukua mashamba. Hapa hakuna anayekula nyama ile. Huchukuliwa na wageni wenye bunduki. Manubia hupata dinari thelathini kwa siku, pamoja na mkate na mafuta ya zeituni. Siku nyingine hukamua mafuta ya mihadasi, vichaka vya msituni vyenye majani ya kunukia.

Mengi alifundishwa na daktari wa mifugo wa Tabarka: osha, funga, usishone msituni, mbwa aliyechanika tumbo usimpe maji. Daktari huyo hupokea simu yake hata siku ya mapumziko, na hajawahi kumharakisha.

Lakini kabla ya yote, mdomo wa mbwa lazima ufungwe, maana maumivu humfanya hata mpole aume. Kwa desturi ya huku, mdomo hufungwa kwa nguo ya mwenye mbwa, yenye jasho lake, ili mnyama atulie kama aliye mapajani mwake. Kwa Barka, nguo hiyo ni shati la Lazhar. Ndiyo maana Manubia hakuwahi kulifua. Usiku hulilaza karibu na mto wake wa kulalia, lisije likapata unyevu. Hivyo ndivyo anavyosema.

Wiki iliyopita lilirudi na damu ya nguruwe. Rebha, jirani yake, alipoleta mkate alimkosa, akaliona. Damu ya nguruwe, ndani ya nyumba ya mama anayesali! Akalifua, akalipiga pasi, akaweka tawi la mhadasi juu yake.

"Nilidhani nampunguzia kazi," anasema Rebha, akiangalia chini.

Manubia alimshukuru, akanywa naye kahawa mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaenda kulia zizini kwa punda. "Ningemwambia nini? Amelikunja vizuri, hata mimi sijawahi kulikunja hivyo."

Leo analitia mkobani hivyo hivyo. Hana lingine.

Adhuhuri Mabruk, kiongozi wa msako, anateremka akiwa amembeba Barka. Paja la mbwa limepasuka, damu inamtiririka mkononi. Manubia anamzungushia shati mdomoni. Barka analinusa, anageuza kichwa, anaung'ata mkono wa koti la Mabruk.

"Shangazi, leo mgonjwa kamkataa daktari," anasema Mabruk, akijaribu kucheka.

Damu haingoji. Manubia anavua mtandio wa mabegani, anaukunja, anaufunga mdomoni kwa Barka. Mbwa anavuta pumzi moja ndefu. Halafu analaza kichwa.

Anaosha. Anafunga. Barka hatikisiki, macho tu yanamfuata.

"Shati lile tangu zamani lina harufu yako, shangazi, si ya Lazhar," Mabruk anasema taratibu. "Si unalala nalo? Sisi sote tulijua."

Manubia anakaza fundo la mwisho.

"Nilifurahi, kisha nikaumia," anasimulia baadaye, Barka akiwa juu ya punda, amefunikwa koti la Mabruk. "Nilijiambia tunamngoja wawili. Kumbe huyu ameshapata wa kukaa naye. Nimebaki kungoja peke yangu."

Jioni Lazhar anapiga simu. Anauliza habari za Barka kabla ya kuuliza habari za mama yake, na mama anamsuta kwa hilo. Karatasi zake za ukaazi bado, ila mwajiri amemwahidi. Labda atarudi mavuno ya zeituni yajayo.

"Labda yako naijua," Manubia anamwambia. "Ina ndevu sasa."

Simu ikikatika, anapanga mkoba upya: maji, pamba, shashi, mkasi, kibano. Mwisho anaweka mtandio, palipokuwa pa shati.

Shati amelifua tena, akalitundika kwenye msumari ule ule wa mkoba. Sasa analipitia asubuhi na jioni, na halinusi tena.

"Atafika amechoka, ana vumbi la safari," anasema, akiinyoosha kola kwa kidole. "Akute nguo safi ya kubadilisha."