Mafuta ya Mchaichai na Vidonge vya Wifi

Mikono ya Mama Mvuke ilijaa mikwaruzo, maana mchaichai ni jani lenye makali, hukukata hata ukilishika kwa adabu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akivuna nyuma ya nyumba, anayaacha majani yanyauke siku moja kivulini, kisha anayashindilia kwenye pipa lenye maji lililokaa juu ya moto. Mvuke ulipita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, ukatoka matone matone hadi kwenye chupa ya kioo. Maji yalikaa chini, mafuta ya manjano yakaelea juu. Gunia zima la majani, na mafuta hayajazi hata kikombe.

Kibandani kwake hakuwa na maneno mengi. "Changanya matone matatu na kijiko cha mafuta ya nazi, chua miguu iliyochoka. Au tia kwenye beseni la maji ya moto, chumba kinukie, huenda ukapata usingizi mzuri. Wengine yanawasaidia, wengine hawaoni tofauti. Usinywe."

"Wewe mama unajiharibia soko mwenyewe," jirani yake muuza mkaa alikuwa akimwambia.

"Mungu aliyeliotesha jani hili anasikia ninavyolisifu," alijibu, akaendelea kufuta chupa zake.

Alhamisi moja wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliwakuta wateja wanne wamesimama kibandani. Huyu alikuwa fundi cherehani, na sauti yake ni ile ambayo hata akinong'ona, mtaa wa pili wanaitikia.

"Wifi, nijazie chupa mbili. Jamani, mafuta haya ni dawa. Miaka sita nina presha mimi. Sasa kila asubuhi tone moja kwenye chai, basi. Vidonge nimetupa chooni, mwezi wa pili huu."

Mteja mmoja aliyetaka chupa moja akasema apewe tatu. Mama Mvuke akafunga kifuniko.

"Sikuuzii."

"Umesemaje?"

"Sikuuzii, wifi. Na nyie wengine, kama mnanunulia maneno hayo, rudini nyumbani. Nenda kapime, uniletee kadi ya kliniki, ndipo tuzungumze mafuta."

"Kumbe! Tangu lini pipa likasomea udaktari?"

Watu wakacheka. Wifi akaondoka bila kuaga, akapitia moja kwa moja kwa mama yake.

Kesho yake asubuhi familia ikakaa sebuleni kwa Mama Mvuke. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chenye mto, wifi pembeni yake amenuna. Mume alikaa karibu na mlango. Ni mtu mwema, ila mbele ya dada yake hulowa kama nguo kwenye beseni.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, "umemwaibisha mkubwa wako mbele za watu. Muombe radhi, yaishe."

Miaka ishirini na sita Mama Mvuke alikuwa ameolewa kwa watu hawa, na hakuna aliyewahi kumsikia akijibu. Alileta chai, akaitikia, akanyamaza. Siku ile aliweka birika chini.

"Siombi, mama."

Akachukua mtandio wake msumarini.

"Twende zahanati sasa hivi, wote. Presha ya wifi ikiwa sawa, nitapiga magoti hapahapa, na pipa nitalitoboa kwa mkono wangu. Ikiwa juu, atarudia vidonge, na mimi siombi radhi kwa mtu."

"Mke wangu," mume akasema taratibu, "pipa ndilo linasomesha watoto."

"Najua. Ndiyo maana sitaki lije liue mtu."

Wifi akainuka wa kwanza, mkoba kwapani. "Twendeni. Nataka kuona mtu anavyopiga magoti."

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi akamkalisha, akamfunga kitambaa cha kupimia mkononi, akasoma. Akangoja kidogo, akapima tena. "Mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na nne. Iko juu sana," akasema.

"Mashine yenu mbovu."

Muuguzi hakubishana. Akampima mama mkwe, mwenye miaka themanini kasoro miwili. "Huyu bibi yuko sawa kuliko mimi." Kisha akamgeukia wifi. "Mama, kichwa hakikuumi?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya wifi ikashuka. "Kinauma. Tangu Jumatatu. Na macho yananionyesha nyotanyota."

Mama mkwe akashika kifua. Mama Mvuke hakutikisika, ila midomo yake ilikuwa ikimwomba Mungu kimyakimya. Daktari akaitwa, wifi akalazwa kitandani hadi alasiri, akapewa vidonge. "Na mafuta usinywe," daktari akamwambia. "Nusa upendavyo. Presha haisikii harufu."

Walipobaki yeye na Mama Mvuke, wifi akageukia ukuta. "Umefurahi sasa."

"Sijafurahi. Ningependa zaidi kupiga magoti."

Nje, mama mkwe akajaribu tena. "Hata hivyo, lile jibu lako la jana… muombe radhi kidogo tu."

"Hata kidogo, mama."

Wateja wawili watatu walihama, wakanunua kwa mtu anayewaahidi uponyaji. Wengine wanaosema wana presha au sukari bado wanadaiwa kadi kwanza, na wengine wanamtukana. Anawapa pole, chupa hawapati.

Na kila asubuhi, kabla hajawasha moto, anapitia kwa fundi cherehani.

"Nimemeza," wifi anasema, mgongo umegeuka, mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Fungua mdomo."

"Wifi, mimi mtu mzima."

"Inua na ulimi."