Zamda na Taa Isiyotaka Kuzimika

Zamda Uwesu alikuwa akiziba pancha kwenye kona moja ya Kariakoo. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na pampu, jeki na desturi moja: gari halikutoka mikononi mwake likiwa na neno.

Mwaka 2003, wakati magari yaliyotumika Japani yakishuka bandarini kila wiki, Umakant, muuza vitambaa wa jirani, alimletea gari lake asubuhi. Taa ya njano ya upepo wa tairi ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi, na saa nane mchana alipaswa kumpeleka mkewe, Jyotsna, harusini Morogoro.

Zamda akapima tairi zote nne kwa geji. Upepo ulikuwa sawasawa. Umakant akazunguka mtaa, akarudi. Taa ileile.

"Mama, hiyo ni ya kung'oa balbu tu!" alicheka Rajabu, fundi umeme wa ng'ambo ya barabara. "Dakika tano, watu wakale pilau."

"Ukimfumba macho mlinzi, mwizi ndiyo kaondoka?" Zamda akamjibu.

Umakant akatazama saa yake. "Dada Zamda, mimi naona Rajabu anasema kweli."

"Nipe mpaka adhuhuri, Bwana Umakant. Nikishindwa, mpe yeye."

Akafungua gurudumu la mbele. Ndani ya tairi hakukuwa na kifaa chochote cha kupima upepo, ila karibu na breki palikuwa na waya mwembamba. Akaufuata kwa kidole hadi kwenye pete yenye meno inayozunguka pamoja na gurudumu. Basi gari hili halikupima upepo, lilihesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi iliyopungukiwa upepo hubonyea, hatua yake ikafupika, ikalazimika kuzunguka mara nyingi kuliko wenzake ili iende nao sambamba. Gari likiona gurudumu moja lina haraka, huwasha taa. Lakini kama upepo ulikuwa sawa, lipi lilikuwa na haraka, na kwa nini?

Akalirudisha gurudumu, akachora mstari wa chaki chini ya kila tairi ya mbele, kwenye mpira na kwenye lami.

"Sukumeni polepole."

"Leo tunacheza rede kama watoto?" Rajabu alitania, lakini akasukuma.

Alama ya tairi ya kushoto ikawa ya kwanza kuzunguka na kugusa lami tena. Umakant akatoa futi yake ya vitambaa shingoni, akapima toka mstari wa lami hadi kila alama ilipogusa tena, kwa mkono wa mtu aliyezoea kupima majora. Kulia, inchi sabini na nne. Kushoto, sabini na mbili.

"Hii ya kushoto uliinunua wapi?"

"Mtaa wa Gerezani, wiki jana. Mtumba, lakini nzima. Nilisoma namba mwenyewe!"

"Namba zipi?"

Umakant akainama, akasoma, akajipiga paji la uso. "Nilitazama upana tu. Kimo sikukitazama."

"Hii si kitambaa, bwana," Zamda akasema, akicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Spea ilikuwa ya kipimo sahihi. Akaifunga, akaijaza upepo, kisha akabonyeza kitufe kilicho chini ya usukani ili gari lijifunze upya. Umakant akazunguka mtaa mara mbili. Aliporudi, dashibodi ilikuwa nyeusi, na Jyotsna alikwisha kusimama mlangoni pa duka lao na masanduku yake.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado haijaisha Rajabu alipovuka barabara, akisukuma gari la mteja wake. Juu ya taa ya njano ya dashibodi yake alikuwa amebandika utepe mweusi.

"Mama," alisema, akiubandua, "hiyo chaki imebaki?"